Kabati ya vitabu ifunguliwe

Wamama wa Rwambuzi,

Siku ya posho iliyopita niliingia katika maktaba ya shule moja ya kartie yetu. Vitabu viko, vimepangwa vizuri ndani ya kabati, na kufuli juu yake. Nikauliza watoto wanavisoma saa ngapi. Mwalimu akajibu: "Mama, wakivigusa vitachakaa." Ninamwelewa. Kitabu kikipasuka, ni yeye ataulizwa. Lakini panya hawaogopi kufuli.

Tuliongea mpaka akakubali: saa moja kila siku ya posho, wamama wawili wachunge, na kila kitabu tukifunike kwanza kwa karatasi ya mfuko wa simenti.

Saa hiyo isiwe kalasi ya pili. Tutandike mikeka, fimbo ibaki nyumbani. Mama mmoja aanze na hadithi ya mdomo, na sungura akisha kunaswa, anyamaze. Mwisho uko katika kitabu, atafute anayetaka! Mtoto wa mwaka wa tano akae na wa mwaka wa pili, kitabu kimoja kwa wawili. Wadogo tuwaandikie herufi juu ya vipande vya kartoni, tuzifiche uwanjani, wazitafute na kuunga majina yao. Wakubwa waigize walichosoma. Hapo utaona hata yule ambaye mwalimu anamwita mvivu anafungua kitabu tena, ili ajue atasema nini.

Tuanze na vitabu vya Kiswahili. Wazazi wengi tunakimbilia Kifaransa, na mtoto anaimba maneno asiyoyaelewa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inakubali kufundisha kwa lugha zetu. Vikiwa vichache, hadithi za African Storybook ziko kwenye intaneti, na ruhusa ya kuzichapa bila kulipa. Kiswahili chake kingine ni cha Kenya, tutawaelezea watoto.

Na tusiseme chumba ni kidogo. Huko Kenya, upande wa kaskazini-mashariki, mwaka 1996 vitabu vilianza kubebwa na ngamia, watoto wakasoma chini ya mti.

Jambo moja nalisema wazi. Watoto waliokimbia vita Djugu na Irumu wako kati yetu, wengine hawana nguo za shule. Waingie hivyo hivyo. Mtu asiwaulize kabila wala baba yuko wapi.

Mama mmoja jirani aliniambia kwa sauti ndogo: "Mimi sijui kusoma, nitafanya nini pale?" Nikamwambia yeye ndiye ataanza hadithi, kwani ile ya fisi na ngoma hakuna anayemshinda. Alicheka, halafu akauliza kama na yeye anaweza kutafuta herufi za jina lake pamoja na watoto. Nimeshamkatia kartoni.

Tunaanza siku ya posho hii, saa tatu asubuhi. Mwenye mkeka alete.