Jina la Kocha Haliingii Uwanjani

Septemba 1, 2025, Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kilianza msimu wa futiboli ya Kimarekani kwa kuchapwa na TCU alama 48 kwa 14, tena nyumbani. Kocha wake mpya, Bill Belichick, bingwa wa Super Bowl mara sita akiwa na New England Patriots, alikuwa ameajiriwa kwa dola milioni 10 kwa mwaka. Mashabiki waliofurika kumlaki walianza kuondoka kabla ya mchezo kwisha.

Nikiwa mwalimu wa chuo, siwalaumu kwa hasira yao. Nawalaumu kwa kuwapa kisogo wanafunzi waliokuwa bado wanacheza. Wakubwa ndio walionunua jina. Vijana ndio waliobebeshwa aibu. Je, tunashangilia chuo, au ushindi tu?