Biti nyingi si usahihi

Jamani, waandika programu wengi wakipewa kadi ya kukusanya data huuliza jambo moja tu: ina biti ngapi? Upeo wa volti wanauacha ulivyotoka kiwandani. Namba zikirukaruka, wanaandika kodi ya kutafuta wastani.

Hebu tupige hesabu. Kadi ya biti 12 ina ngazi 4096. Ukiiacha kwenye volti -10 hadi +10, kila ngazi ni karibu milivolti 4.9. Themokapo ya aina ya K, ile ya kupimia joto la tanuri, hutoa takriban milivolti 0.041 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Yaani ngazi moja ni kama nyuzi 119! Mkate utaungua na skrini isitikisike. Weka upeo wa milivolti -50 hadi +50, ngazi inashuka hadi nyuzi 0.6 hivi.

Kisha sawazisha: ipe kadi volti sifuri, halafu volti unayoijua kwa hakika, urekebishe tofauti. Wastani wa vipimo 1000 vilivyopotoka ni upotofu uleule, ila umetulia. Anayejigamba kwa biti 16 kwenye kadi isiyosawazishwa anajigamba kwa tarakimu tu.