Wacha kumpiga huyo mbwa

Wasee, leo nitasema kitu itafanya wengine mniite mzungu. Sawa tu, niiteni.

Nyumbani kwetu Rongai tuko na mbwa anaitwa Simba. Ni wale wa kawaida, rangi ya kahawia, sikio moja limelala. Mchana alikuwa anafungwa nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa. Shida yake ilikuwa moja: bodaboda. Akisikia injini na geti iko wazi, ameenda, anakimbiza gurudumu kama analipwa. Mwaka jana aliangusha jamaa mmoja amebeba mayai. Jamaa alichubuka goti, mathe akalipa trei tatu. Jioni wanaboda wanne walikuja kwa geti wakasema kwa upole kabisa kwamba huyo mbwa akirudia, hatarudia tena. Kama umekulia mtaa, unajua hiyo ni kusema nyama yenye sumu.

Na mimi nilifanya nini? Nilitafuta fimbo. Kila akitoroka, akirudi namchapa. Niliona niko sawa, kwani si hata sisi tulichapwa? Baada ya wiki mbili Simba alikuwa bado anakimbiza boda, lakini sasa nikimwita haji. Nikiinua mkono hata kujikuna kichwa, anajikunyata na kukojoa. Halafu siku moja ndugu yangu mdogo, ako na miaka sita, alienda kumwekea chakula. Simba akamngurumia. Hapo ndio niliogopa kabisa, na nikajua kazi hiyo nimeifanya mimi.

Hebu fikiria kwa upande wa mbwa. Yeye huunganisha mambo yanayofuatana kwa sekunde chache tu. Akikimbiza boda, boda inaenda. Kwa kichwa yake ameshinda, kila siku anashinda, kwa nini aache? Anarudi nyumbani akifurahi, anakutana na fimbo. Somo alilopata ni kwamba kurudi kwangu kuna kichapo. Kuhusu boda hakujifunza kitu.

Na kunguruma, msikuwe mnaadhibu. Kunguruma ni mbwa anakuambia, "Tafadhali rudi nyuma, naogopa." Ukimchapa kwa hiyo, woga hauishi. Anaacha tu kukuonya, na siku moja atauma bila kusema chochote.

Sasa, Mrusi mmoja anaitwa Ivan Pavlov alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mbwa akizoea ishara fulani inaleta chakula, mate yanaanza kumtoka akipata ishara tu. Wazee wetu walikuwa wamesema kifupi zaidi: mkono mtupu haulambwi. Kwa hivyo nikaamua boda iwe ishara ya omena.

Kwanza geti ilianza kufungwa, kila mtu, kila saa, bila stori. Pili, asubuhi na jioni nilianza kutembea naye kwa kamba, kwa sababu mnyama aliyefungwa siku nzima amejaa nguvu na hana pa kuipeleka. Tatu, tulikuwa tunasimama mbali sana na barabara, mahali anaweza kuona boda na bado akatulia. Boda ikitokea, omena. Boda ikipita, omena. Ikiisha kupita, omena zimeisha. Siku kadhaa hivyo, na akaanza kusikia injini halafu anageuka kuniangalia mimi. Manze, nilifurahi kama nimepita mtihani. Tukawa tunasogea karibu kidogo kidogo. Akianza kubweka, najua nimeharakisha, tunarudi nyuma bila kelele.

Ilichukua karibu miezi miwili. Omena ya mbao ilikuwa inatosha siku mbili tatu.

Anko wangu alinicheka. Akasema mbwa ukimbembeleza, mwizi atakuja ambebe na yeye. Nimesikia hiyo hoja mara nyingi, na nadhani si kweli. Simba bado anabweka usiku mtu akigusa geti. Mbwa anayeogopa kila kitu hajui mwizi ni nani na mtoto wa jirani ni nani, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto. Pia mkumbuke kuna sheria Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mbwa kikatili ni kosa, si "mambo ya nyumbani kwetu".

Lakini upole haumaanishi ujinga. Mbwa akibadilika ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Anaweza kuwa na maumivu, na maumivu hayatibiwi na omena. Inaweza pia kuwa kichaa cha mbwa, na hapo usijaribu kumfundisha, kaa mbali. Mtu akiumwa, osha kidonda na sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Serikali imelenga kumaliza vifo vya huo ugonjwa kutoka kwa mbwa kufikia 2030, na hiyo haitawezekana kama sisi hatupeleki mbwa wetu chanjo.

Na kama unachukua mtoto wa mbwa sasa, samaki mkunje angali mbichi. Mzoeshe watu, watoto, boda na kelele za mtaa akiwa mdogo, pole pole, akipewa kitu kizuri. Utajiokolea hii kazi yote yangu.

Siku hizi ndugu yangu anamwekea Simba chakula tena. Mimi husimama hapo kando, kwa sababu imani niliivunja kwa wiki mbili na bado naijenga. Juzi nilijikuna kichwa karibu naye. Alifunga macho kidogo, lakini hakukimbia.