Watoto wa Burat Nao Wapewe Uwanja wa Tiara

Tiara ni mchezo wa maskini na tajiri. Vijiti viwili vyepesi, karatasi, gundi ya unga wa ngano, mkia wa kitambaa na kidonge cha uzi, basi mtoto ameshapata chombo chake cha kwendea angani. Huku Pwani, ambako wengine hukiita kishada, vijiti hutolewa katika ukuti wa mnazi na karatasi mara nyingi ni gazeti la jana. Lakini yako mambo mawili ambayo hayauzwi dukani, nayo ni upepo na uwanja. Upepo ni wa Mwenyezi Mungu, hakuna awezaye kuuwekea ua. Uwanja ndio wenye maneno, na ndio tunaotaka kuuzungumza leo.

Tunauzungumza kwa ajili ya Burat. Burat ni mojawapo ya wadi 10 za Kaunti ya Isiolo, kando ya mji wa Isiolo. Huko wanakaa Waturkana, Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru, wafugaji na wakulima, Waislamu na wasio Waislamu, na lugha inayowakutanisha sokoni ni hii hii yetu ya Kiswahili. Msomaji wa Lamu au Mombasa anaweza kuuliza, "Burat yanihusu nini?" Inamhusu sana. Tangu Machi 2012, mpango wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu, Isiolo na Lamu zimefungwa kamba moja. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilianza kazi mwaka 2021, na barabara ya kutoka bandarini kupitia Garissa imekusudiwa kufika Isiolo. Isiolo imekwisha pata uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2017, na mji wa kitalii umepangiwa Kipsing, magharibi ya mji. Palipo na barabara ardhi hupanda bei, na ardhi ikipanda bei kiwanja cha watoto ndicho cha kwanza kuonekana kuwa hakina mwenyewe.

Kwa hivyo tunatoa shauri. Kaunti ya Isiolo ichague uwanja wa umma ulioko Burat, iupime, iuandikishe kuwa bustani ya wananchi, na kila mwaka ifanye hapo siku ya kurusha tiara, bila ya kiingilio, kwa kila mtoto wa kila kabila.

Wakati wake unajulikana. Isiolo ni nchi kavu yenye upepo mwaka mzima, nao huzidi mwezi wa Julai na Agosti. Sisi tunaoishi baharini tunaujua upepo wa miezi hiyo. Ni kusi, ule unaowafanya mabaharia wafikiri mara mbili kabla ya kutweka tanga. Mvua za masika zimekwisha, za vuli hazijaja, na mwezi wa Agosti watoto huwa wamefunga shule. Wako watakaosema kuwa siku hiyo iwe Idd. Furaha ya Idd haina mfano, lakini Idd huandama mwezi na huzunguka mwaka mzima, ilhali kusi huandama jua. Tiara humfuata kusi. Idd iwe na shangwe zake, na tiara nazo ziwe na siku yake.

Jambo hili si geni duniani. Katika jimbo la Gujarat, nchini Uhindi, kila tarehe 14 Januari mapaa ya nyumba hujaa watu wanaorusha tiara, na tangu 1989 mji wa Ahmedabad umekuwa ukiwaalika warushaji wa kutoka nchi za kigeni. Huko Gaza, Julai 2011, maelfu ya watoto walikusanyika ufukoni wakarusha zaidi ya tiara 12,000 kwa wakati mmoja, wakavunja rekodi ya dunia. Watoto wale walikuwa wamezuiliwa nchi kavu na baharini, lakini kwa siku ile moja mbingu ilikuwa yao. Ikiwa watoto wa Gaza waliweza kupatiwa siku kama hiyo katika dhiki ile, Burat ina udhuru gani?

Huenda baadhi ya wazee wetu wakauliza kama mchezo huu si upuuzi unaompotezea kijana wakati. Swali ni la haki na linastahili jibu. Waislamu tunajua kisa cha Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao msikitini kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Idd. Mtume hakuwafukuza, bali alimsitiri Bibi Aisha kwa nguo yake naye akatazama mpaka akatosheka. Basi mchezo si haramu kwa kuwa ni mchezo. Haramu ni yale yanayoletwa pamoja nao: kamari ya kupigania tiara, matusi, na kuachwa kwa sala. Yote hayo yana dawa. Shughuli ianze asubuhi, isimame kwa Adhuhuri na kwa Alasiri, na jua likielekea kutua kila mtu akunje uzi wake aende zake. Watoto wa kike wapewe nafasi yao kwa heshima, kwani upepo haubagui.

Lipo jingine la kujihadhari nalo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Pakistan ilipiga marufuku urushaji wa tiara, na shangwe za Basant za Lahore, zilizokuwa na sifa dunia nzima, zikaingia katika marufuku hiyo. Tiara zenyewe hazikuwa na makosa. Makosa yalikuwa ya uzi uliopakwa unga wa vioo ili ukate uzi wa mwenzio. Uzi huo uliwakata watu shingo barabarani, hasa wapanda pikipiki. Isiolo, yenye bodaboda kila kona, haiwezi kufanya mzaha na jambo hilo. Uzi uwe wa pamba, usipakwe vioo wala usiwe wa waya, na uwanja uwe mbali na nguzo za umeme, mbali na barabara kuu na mbali na njia ya ndege. Sharti hizi si nzito. Mwalimu mmoja mwenye firimbi anaweza kuzisimamia.

Na kwa nini tunasisitiza iwe bure? Kwa sababu shilingi hamsini mlangoni, ambayo kwa mtu wa mjini si kitu, inatosha kumrudisha nyumbani mtoto wa mfugaji aliyepoteza mifugo katika ukame. Siku ya wananchi wote ikiwa na tikiti si ya wananchi wote tena. Wala isifanywe jukwaa la wanasiasa. Mheshimiwa atakayekuja aje na tiara yake, aachie uzi kama wenziwe, na hotuba aiache nyumbani. Gharama iliyobaki ni maji ya kunywa, kivuli, sanduku la dawa za huduma ya kwanza, karatasi na uzi. Hakuna kaunti iliyo maskini kiasi cha kushindwa na hayo.

Tuseme na lililo zito zaidi. Isiolo imewahi kumwaga damu ya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2011 na 2012 mapigano yaliua watu na kuhamisha familia, na malisho, maji, mipaka na siasa za uchaguzi vyote vilitajwa kuwa chanzo. Hatusemi kwamba tiara itanyang'anya mtu bunduki. Atakayesema hivyo anawadanganya wananchi. Tunasema kwamba watoto wa Kiturkana, Kiborana, Kisomali, Kisamburu na Kimeru hukua wakisikia habari za wenzao kuliko wanavyowaona. Tiara ina tabia moja njema: mmoja hushika chombo, mwingine hushika uzi. Mtoto peke yake huhangaika nayo, na ikinasa mtini lazima aombe msaada wa aliye karibu, awe nani. Aliyewahi kukupandia mti akakuteremshia tiara yako ni vigumu baadaye kuambiwa kuwa ni adui yako ukakubali upesi.

Tunarudi kwenye ardhi, kwani bila hiyo yote haya ni maneno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni pamoja na bustani na mahali pa mapumziko ya umma. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria basi ipo. Ila sheria bila mlinzi ni kama nyumba bila mlango. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa na kudharauliwa, lakini jumba halikujengwa na bustani ikabaki. Burat nayo ina ardhi nyingi yenye madai, ikiwemo ile ya LMD iliyotengwa tangu ukoloni kwa ajili ya ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Serikali ya mkoloni iliona haja ya kuwawekea ng'ombe pahali pao. Je, serikali yetu wenyewe itashindwa kuwawekea watoto ekari chache?

Sisi wa Pwani tuna fundisho la kuwapa ndugu zetu wa Isiolo, nalo tumelilipia. Miji yetu ilijengwa mpaka watoto wakabakia kurusha tiara juu ya mapaa na katikati ya magari, na leo mzazi anayemkataza mwanawe hatumlaumu, maana hakuna pa kumpeleka. Kiwanja kikishajengwa hakirudi. Wao bado wana nafasi ya kuchagua.

Na zaidi ya fundisho tuna ufundi. Vijana wetu wanaojua kupima vijiti, kufunga mkia na kuisikiliza tiara kwa kidole wawe wageni wa Burat Agosti itakapofika, wawafundishe wenzao, kila mmoja akitumia kijiti kinachopatikana kwake. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kaunti ya Isiolo ianze kwa kupima uwanja huo na kuuandikisha sasa, kabla ya kusi ijayo.