Ametulia, Lakini Hajapona

Kijana mwenye skizofrenia akiacha kupiga kelele usiku, nyumba nzima hushusha pumzi. Sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, majirani hawashtuki tena, dawa anameza. Muuguzi anaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri, kisha anampa tarehe ya kurudi. Makala haya yanapinga maandishi hayo.

Maana huko nyumbani, Litein kule Kericho au Mogogosiek kule Bomet, mambo ni mengine. Zamu ya kuchuma imefika. Chai haingoji: kila wiki moja au mbili inadai mkono, na majani yakikomaa yatakataliwa kwenye kituo cha kununulia. Ndugu zake wameshajitwika vikapu. Yeye ameketi ukingoni mwa shamba na gambuti zake mguuni, kikapu kitupu kando. Alivaa mwenyewe, akafika mwenyewe, kisha hamu ya kuanza haikuja. Ukimuuliza, anajibu neno moja. Usoni huoni furaha wala uchungu. Baba anasema mtoto amekuwa mvivu, na mjomba anauliza kwa nini agawiwe bonasi ya chai.

Si uvivu. Ni ugonjwa wenyewe, upande ambao madaktari huuita dalili hasi: hamu hufifia, maneno hupungua, hisia hazijitokezi, watu hukwepwa. Eugen Bleuler wa Uswisi, aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1908, aliweka kufifia kwa hisia na kujitenga kati ya dalili za msingi. Sauti alizihesabu kuwa za ziada. Hata hivyo, tangu klopromazini ianze kutumika Paris mwaka 1952, dawa zetu zimekuwa hodari wa kunyamazisha sauti na dhaifu mbele ya ukimya huu.

Kwanza liondolewe linaloondoleka. Haloperidoli ikizidi, au sindano ya flufenazini, uso hukakamaa na hatua hufupika. Mgonjwa huonekana amepoa kumbe amelemewa na dozi. Sonona nayo hujificha humo humo. Hayo yanatibika, ila kupunguza au kubadili dawa ni kazi ya daktari. Familia isiikatize yenyewe, maana sauti zaweza kurudi.

Kinachobaki ndicho kigumu. Watafiti John Wing na George Brown waliwafuatilia wanawake wenye skizofrenia katika hospitali tatu za Uingereza miaka ya 1960. Katika yote waliyopima, jambo lililoandamana zaidi na nafuu ya dalili hizi lilikuwa kupungua kwa saa za kukaa bure. Brown huyo huyo alionyesha pia kwamba mgonjwa anayesimangwa nyumbani hurudiwa na ugonjwa kwa urahisi zaidi. Karibu na kwetu, wilayani Sodo nchini Ethiopia, wahudumu wa jamii waliwafuata wagonjwa majumbani, juu ya matibabu ya zahanati. Matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 walimudu maisha vizuri zaidi kuliko wale waliotibiwa zahanati peke yake. Baada ya miezi 6 tofauti ilikuwa haijaonekana. Mwenye haraka angeshaufunga mradi.

Naamini chai yetu inaweza kusaidia. Haina msimu wa kufungwa, kazi yake hugawanyika vipande vidogo, na watu huchuma bega kwa bega bila kulazimika kuzungumza. Tatizo ni kwamba hulipwa kwa kilo, na kilo humwadhibu mwenye mkono mzito, na kwenye mashamba makubwa mashine za kuchumia zimeshachukua nafasi nyingi. Basi shamba la nyumbani lianze: mstari mmoja wa chai, saa ile ile ya asubuhi, ndugu mmoja akichuma kando yake bila masimango. Malipo yake, hata ya kilo mbili, ayashike kwa mkono wake.

Familia isiachiwe mzigo huu peke yake. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyorekebishwa 2022, imezibebesha kaunti matibabu pamoja na urekebishaji. Tunachoomba Hospitali ya Rufaa ya Kericho na ile ya Longisa kule Bomet ni swali moja zaidi. Baada ya kuulizwa kama sauti bado zinasikika, mgonjwa aulizwe: jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini? Jibu liandikwe kwenye faili. Likiwa ni kwamba alikaa tu, asipewe tarehe ya kurudi kabla hajapangiwa mtu wa kumfikia nyumbani.