Neno la Mhariri: Vazi na Aliyelivaa Kwanza

Toleo hili tumelitenga kwa habari za mavazi yanayofufuka, yaani mishono ya zama zilizopita ambayo mafundi wakubwa wa mitindo huitoa sandukuni na kuitembeza tena mbele ya watu kama jambo jipya. Na kwa kuwa wengi huidhania kazi hiyo kuwa ni uvivu wa kubuni tu, imetupasa tueleze, kabla msomaji hajafungua kurasa zinazofuata, kwa nini sisi tunaihesabu kuwa ni namna ya kuandika taarikhi, yenye wajibu uleule wa insafu unaomlazimu kila mwandishi wa taarikhi.

Kisa mashuhuri katika jambo hili ni cha tarehe 29 Januari 1971, siku ambayo Yves Saint Laurent, fundi wa mitindo mzaliwa wa Oran nchini Algeria, alionyesha katika nyumba yake ya mitindo ya rue Spontini, mjini Paris, mavazi yaliyofuata mishono ya miaka ya Vita vya Pili vya Dunia: mabega yaliyoinuliwa kwa pedi, sketi zilizokoma magotini, vilemba, viatu vya soli nene vya jinsi ile tuliyoiita huku kwetu raizoni, na koti la manyoya ya mbweha lililotiwa rangi ya kijani kikali. Shauku hiyo ilimjia kwa kumtazama rafiki yake Paloma Picasso, binti wa mchoraji, aliyependa kuvaa nguo za miaka ya 1940 alizozipata katika masoko ya mitumba. Waandishi wa magazeti walighadhibika mno, wakalishutumu onyesho lile kwa maneno ya karaha, kwani machoni pao nguo zile zilikuwa za siku Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, tangu Juni 1940 hata Agosti 1944, na kila kilemba kiliwakumbusha wanawake waliofuatana na adui. Ilhali vijana, ambao siku hizo hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wangali wachanga, waliziona ni nguo nzuri tu, wakazivaa.

Basi na tuulize nguo zile zilitoka wapi. Sketi zilifupishwa kwa sababu kitambaa kilitolewa kwa kadi za mgao. Soli zilinenepa kwa sababu ngozi iliadimika, mafundi wa viatu wakalazimika kuchonga mbao. Vilemba vilishika kwa sababu sabuni ilikuwa haba na nywele zisizooshwa zilihitaji sitara. Na mwanamke aliyekosa soksi alijipaka rangi miguuni, kisha akachora kwa kalamu mstari mwembamba nyuma ya mguu, tangu kisigino hata gotini, ili adhaniwe kuwa amevaa soksi yenye mshono. Aliyefanya hayo aghalabu hakuwa msaliti wala kahaba, bali mama wa nyumbani au karani, aliyesimama katika foleni ya mkate na ambaye, pamoja na dhiki yote ile, hakukubali kuonekana mnyonge.

Rai yetu ni kwamba mwanamke huyo alidhulumiwa na pande zote mbili. Waliomshutumu Saint Laurent walilitwika vazi hatia ya watu wachache, wakausahau werevu wa waliolivaa kwa lazima. Naye Saint Laurent, kwa kuigeuza nguo ya ukosefu kuwa koti la manyoya la kununuliwa na matajiri, alichukua umbo akaiacha dhiki iliyolikata. Walakini tukitakiwa kuchagua, tutakuwa upande wa fundi, kwa kuwa yeye alau aliwalazimisha watu kulitazama jambo ambalo Ufaransa ilikuwa imelifunika kwa robo karne na zaidi.

Ndiyo maana tunasema kwamba mtindo unaorejea mapema, wakati mashahidi wake wangali hai, una thamani kuliko ule unaongoja mpaka wote wamekwisha kuzikwa. Kinyume chake, fundi mwingine wa mitindo, Christian Dior, alipokirudisha kiuno kilichobanwa na sketi pana za zama za mabibi, tarehe 12 Februari 1947, walionung'unika walinung'unikia zaidi wingi wa kitambaa katika siku za uhaba, wala si kumbukumbu iliyotoneshwa.

Nasi tusijidhani kuwa tuko mbali na hayo. Vijana wetu wanaovaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni katika dansi za zilipendwa wanazivaa mbele ya wazee waliozivaa ujanani, na ambao wanakumbuka pia Operesheni Vijana, iliyotangazwa Tanzania mwaka 1968, ilipopiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana. Wazee hao wangalipo na ndimi zao hazijafungwa. Basi kabla fundi hajatia mkasi katika kitambaa, na awaendee awaulize vazi hilo lilishonwa kwa pesa gani, lilivaliwa kwa hofu gani, na nani alilikataza. Tumewaomba waandishi wa toleo hili waanze na maswali hayo, na msomaji tunamwomba awahukumu kwa kipimo hichohicho.