Baba kaondoka, jicho limebaki

NENO LA LUALABA
Na Ilunga Mukalay

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa lori mgodini, aliitwa ofisini. Mezani akakuta karatasi yenye maneno yake: yale aliyoandika usiku, kwa simu yake, kwa mega alizonunua mwenyewe, kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, akilalamikia vumbi. Kampuni siitaji. Aliulizwa jambo moja tu: "Wewe unakula wapi?"

Wazee wa kambi ya Musonoi watacheka. Wao walizoea kuchunguzwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanza kuwaweka wafanyakazi kambini na wake na watoto wao, mkuu wa kambi alijua nani kalala nyumba ipi na mgeni katoka wapi. Serikali ikaitaifisha kampuni hiyo mwaka 1967. Gécamines, kampuni ya serikali iliyofuata, haikuyaacha mazoea hayo. Lakini kampuni ilikuwa baba, na baba yule alilisha: posho ya unga, hospitali, shule. Sisemi ilikuwa haki. Nasema bei yake ilijulikana. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika juu ya bana shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao, hapa hakuna aliyeuliza baba ni nani. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa pesa kidogo, kwaherini.

Kijana wetu ana kontra ya miezi mitatu ya sutretansi, yaani ya kampuni ya kati. Nyumba hana, gunia la unga hana. Jicho tu ndilo alilorithi.

Kamera ndani ya lori naikubali; dereva akisinzia ukingoni mwa shimo, watu wanakufa. Simu ya mfukoni ni habari nyingine. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinalinda siri ya mawasiliano, na Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 inalinda taarifa za mtu. Huko Ulaya, mwaka 2017, Mahakama ya Haki za Binadamu ilimpa haki mhandisi wa Romania aliyefukuzwa kwa jumbe alizomwandikia kaka yake na mchumba wake, tena kwa kompyuta ya kazini! Majaji waliuliza: aliambiwa mapema kwamba anasomwa? Basi kampuni zetu ziandike kwenye kontra, kwa Kiswahili, zinatazama nini na kwa nini, na mkaguzi wa kazi aiombe karatasi hiyo kama anavyouliza helmeti.

Kijana hakufukuzwa. Nani aliyeyatoa maneno yake kikundini, hakuna anayesema, na majirani wameanza kutazamana. Yeye bado yumo kikundini. Kila asubuhi anaandika "Mungu ni mwema", anafunga simu.